Kabla ya kusakafia mfereji, pimeni maji kwanza

Ndugu mleta mada, umeuliza kama kusakafia mfereji wote kwa saruji kutamaliza ugomvi wa maji kati ya wakulima wa juu na wa chini kiangazi. Nimesimamia zamu katika jumuiya yetu ya watumia maji kwa misimu tisa, na sisi pia tulikimbilia saruji mapema. Nakuomba sana msianzie huko.

Pimeni kwanza. Sisi tulitumia chungwa, kwa sababu huelea likiwa limezama karibu lote, upepo haulisukumi. Tafuta sehemu iliyonyooka, pima mita 10, liachie katikati na uhesabu sekunde. Karibu na banio, yaani pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, lilitumia sekunde 25, yaani mita 0.4 kwa sekunde. Maji ya usoni hukimbia kuliko yaliyo karibu na sakafu ya mfereji, kwa hiyo tulizidisha kasi hiyo kwa 0.85. Mfereji ulikuwa na upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 30. Tukazidisha na hivyo, jibu likawa kama lita 61 kwa sekunde. Tulipopima mwisho wa mfereji siku hiyohiyo, tukakuta lita 22.

Miaka yote wa chini walikuwa wakiwaita wa juu wezi. Tulipopima kipande kwa kipande, tukaona sehemu kubwa ya maji ilipotelea kwenye hatua kama mia tatu za udongo wa kichanga, ambako hakuna hata shamba moja. Hapo ndipo panapostahili saruji. Kwingine mfinyanzi ulishika maji vizuri, na saruji tuliyomwaga huko ilikuwa hasara. Tena visima vifupi vya majirani waliokuwa chini ya kipande hicho vilishuka msimu uliofuata. Yale tuliyoyaita maji yaliyopotea yalikuwa yakinywewa na watu. Kwenye bonde zima la mto, maji mnayoyazuia yasivuje huenda ni ya mtu mwingine, na ni lazima akae nanyi mezani kabla hamjachanganya zege.

Halafu njooni kwenye zamu, ambako ndiko hasa ugomvi unakozaliwa. Mkigawa saa kwa ukubwa wa shamba peke yake, mtamwonea mtu wa mwisho. Zamu yake inaanza saa kumi, lakini mfereji ni mkavu, na maji yanamfikia saa kumi na moja na nusu. Nilikuwa nikimkuta mama mmoja amekaa kwenye ukingo, jembe mapajani, anatazama tope likilowa polepole huku dakika zake zikiisha. Iliniuma, kwa sababu ratiba ile niliiandika mimi. Wakulima wa India na Pakistani, katika utaratibu wao wa zamu uitwao warabandi, humwongezea mtu muda wa kujaza mfereji kabla saa zake hazijaanza kuhesabiwa. Tuliiga hilo, na malalamiko yakapungua kuliko saruji ilivyoweza kuyapunguza. Baadhi ya sehemu za India pia husogeza ratiba saa 12 kila mwaka, ili aliyemwagilia usiku mwaka huu apate mchana mwaka ujao. Nalo tulichukua.

Kuhusu vibali na faini sina mengi. Fuateni sheria za bonde lenu. Ila faini iamuliwe na wakulima wenyewe, hadharani, na haraka. Kule Valencia, Uhispania, baraza la maji hukaa kila Alhamisi mchana mbele ya kanisa kuu, na kesi husikilizwa kwa mdomo tu.

Mwisho, kubalianeni eneo la kulima kiangazi kabla mtu hajapanda. Lita 1 kwa sekunde, ikitiririka saa 24 kwenye hekta 1, ni sawa na kina cha milimita 8.64. Mazao mengi ambayo majani yake yamekwisha kufunika ardhi hula milimita 4 hadi 8 kwa siku kukiwa na jua kali, na shambani kwenyewe maji mengine huvuja tu. Kwa hiyo chukueni kipimo cha mto cha mwezi mkavu kabisa, toeni maji yanayopaswa kubaki mtoni kwa ajili ya wa chini, kisha mgawe yaliyobaki. Sisi ilibidi tupunguze majaruba, yaani vipande vya shamba, ya kiangazi karibu nusu. Kikao kile kilichukua siku tatu, na wawili walitoka kwa hasira. Ukipata vipimo vyenu viwili, cha banioni na cha mwisho wa mfereji, viweke hapa tuvitazame pamoja.