Maswali ya Wasomaji: Chumvi Inayoloa, Bangili ya Dhahabu na Chokaa ya Matumbawe

Mwezi huu barua nyingi zimeuliza jambo moja: elementi (kitu chenye atomi za aina moja tu), kampaundi (elementi mbili au zaidi zilizoungana kikemia) na mchanganyiko (vitu vilivyowekwa pamoja bila kuungana kikemia) hutofautishwaje? Tumechagua tano.

Mwanangu yuko Gredi ya 8. Kitabu kinasema chumvi ni kampaundi na maji ya bahari ni mchanganyiko. Tulichemsha lita moja ya maji ya bahari hadi yakakauka. Tukapata chumvi yenye uchungu, na asubuhi yake tuliikuta imeloa. Je, hiyo ndiyo kampaundi yenyewe? (Mama, Kisauni)

Hapana, mama. Mlichobaki nacho sufuriani bado ni mchanganyiko. Mmeondoa maji tu. Kilo moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi za namna mbalimbali. Takriban gramu 27 ndizo sodiamu kloraidi, ile chumvi ya mezani. Zilizobaki ni za magnesiamu, kalsiamu na potasiamu. Uchungu mliouonja ni wa magnesiamu, na magnesiamu kloraidi ndiyo inayoloa: huvuta unyevu wa hewani, nao unyevu wa Mombasa hauna haja ya kuitwa mara mbili.

Rudieni hivi. Tekeni maji bahari ikiwa imejaa, upande wa bahari kuu kama Nyali, si kwenye mkondo wa Tudor ambako maji ya bara na uchafu huingia. Chujeni kwa kitambaa safi chenye pamba. Tumieni sufuria ya chuma cha pua. Alumini huliwa na chumvi. Yakianza kupungua mtaona ukungu mweupe chini: hiyo ni kalsiamu kaboneti na jasi, hujitenga mwanzo. Chujeni tena. Zikibaki kama mililita 100, punguzeni moto kwa sababu hapo ndipo chumvi huanza kuganda na kuruka. Kisha, na hapa ndipo mlipokosea, msiyakaushe yote. Masalio yakiwa bado majimaji, mwageni maji yaliyo juu, ndiyo yaliyobeba magnesiamu. Punje zitakazobaki zianikeni juani. Zitakuwa pungufu kuliko mara ya kwanza, lakini safi zaidi, na hazitaloa upesi.

Mkiwa na kipimajoto, mwonyesheni mtoto jambo moja zaidi. Hapa pwani maji safi huchemka kwenye nyuzi 100 na husimama papo hapo hadi yaishe. Maji ya bahari huanza juu kidogo ya 100, kisha joto huzidi kupanda kadiri yanavyopungua. Kitu kimoja safi kina kiwango chake cha kuchemka. Maji yenye chumvi hubadilika kwa sababu uwiano wake unabadilika. Kipimo hiki tunakiamini kuliko macho, maana maji ya bahari yaliyochujwa na maji safi huwezi kuyatofautisha kwa kuyatazama.

Dhahabu ni elementi. Basi bangili ya karati 22 nayo ni elementi? (Msomaji, Mji wa Kale)

Ni mchanganyiko. Karati 22 maana yake ni sehemu 22 za dhahabu katika 24, yaani karibu asilimia 91.7, zilizobaki aghalabu ni fedha na shaba, ili bangili isipindike mkononi. Sonara akitaka hutengeneza ya karati 18, asilimia 75. Uhuru huo wa kubadili vipimo ndio alama ya mchanganyiko. Dele la kahawa la shaba ya manjano ni vivyo hivyo: shaba na zinki.

Oksijeni huandikwa O₂, atomi mbili zilizoungana. Mbona si kampaundi? (Mwanafunzi, Likoni)

Kwa sababu atomi zote mbili ni za aina moja. Kampaundi hutaka elementi mbili au zaidi zilizoungana kikemia. O₂ ni molekuli ya elementi. H₂O ni molekuli ya kampaundi. Na mwanetu, chunga herufi kubwa: Co ni kobalti, elementi, CO ni kaboni monoksidi, kampaundi yenye sumu.

Darasani tulichanganya vijiko viwili vya unga wa chuma na kimoja cha salfa, tukapasha moto hadi ukawaka wekundu. Kilichopatikana bado kinavutwa na sumaku. Tumekosea wapi? (Mwalimu, Changamwe)

Kijiko ndicho kilichokuponza, mwalimu. Unga wa chuma ni mzito mno kuliko wa salfa, kwa hiyo vijiko viwili kwa kimoja vilikupa chuma kupita kiasi, na chuma kisichopata mwenzake hubaki chuma. Tumia mizani: gramu 7 za chuma kwa gramu 4 za salfa. Kwa tyubu moja, 2.8 kwa 1.6 zatosha, na hutoa gramu 4.4 za chuma salfaidi.

Kabla ya moto, funga sumaku kwa karatasi uipitishe juu ya unga: chuma kitapanda, salfa ibaki. Wanafunzi wakishaona hayo, rudisha chuma chote, changanya vizuri, uzibe mdomo wa tyubu kwa pamba ya madini ili mvuke wa salfa usitoroke. Pasha sehemu ya chini. Wekundu ukianza, ondoa moto. Utaendelea wenyewe, kwa kuwa muungano wenyewe unatoa joto.

Unga wenye kutu hauungani vizuri, na hapa kwetu kopo lililoachwa wazi hushika kutu upesi. Punje kubwa nazo hubaki na kiini cha chuma ndani, hivyo mvuto mdogo unaweza kusalia hata ukipima sawasawa. Fanyeni penye hewa ya kutosha. Mwenye pumu akae mbali.

Fundi anasema chokaa ya kuchoma ni jiwe la matumbawe lililosagwa tu. Ni kweli? (Msomaji, Kibokoni)

Si kweli. Matumbawe kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Kwenye tanuu, kwa joto la kama nyuzi 900, hutoa kaboni dioksidi: gramu 100 za kaboneti safi huacha gramu 56 za chokaa hai, yaani kalsiamu oksidi, na gramu 44 huenda na hewa. Kusaga hakupunguzi uzito hivyo.

Chokaa hai ilimshinda hata Lavoisier, Mfaransa aliyetoa orodha ya elementi 33 mwaka 1789. Aliiweka humo kwa vile hakuna aliyekuwa ameweza kuivunja. Mwaka 1808 Humphry Davy alitumia umeme, akapata kalsiamu.

Chokaa hai ikitiwa maji hufoka kwa joto kali, basi kinga macho. Ile iliyokwisha kuzimwa kwa maji hupakwa ukutani, na polepole hunyonya kaboni dioksidi ya hewani hadi ikawa kaboneti tena. Unaweza kupima mwenyewe: dondosha siki juu ya chokaa iliyozimwa leo, haitatoa povu. Dondosha juu ya kipande cha lipu ya zamani kilichobanduka, kitatoa povu.