Maswali Yenu: bahati nasibu ya chama, oda usizozijua, na bia barabarani

Barua za mwezi huu zimetoka California zote kwa hiyo nimezijibu pamoja. Kabla hatujaanza, hizi ni sheria za jimbo sio za Marekani nzima, ukihamia Texas au Nevada usiende na majibu haya mkononi, uliza upya.

Shikamoo Anti. Sisi ni chama cha kufa na kuzikana hapa Sacramento. Tumefiwa na mwenzetu na familia inataka mwili usafirishwe mpaka Tanga. Kuna mtu ametoa televisheni mpya kabisa, tukaona tuuze tiketi za bahati nasibu kwenye grupu la WhatsApp, dola 20 tiketi, mshindi anachukua tivii. Wengine wanasema ni kosa, wengine wanasema mambo ya msiba serikali haiingilii. Tushike lipi? – Katibu

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Simamisheni hizo tiketi leo hii, na waliokwisha kulipa warudishieni hela zao, au muwaulize mmoja mmoja kama wako tayari iwe mchango tu bila tiketi.

Najua nia yenu ni safi ila sheria haiangalii nia. California bahati nasibu za namna hii zilikuwa zimekatazwa kabisa mpaka Machi 2000 wananchi walipopitisha kwa kura pendekezo liitwalo Proposition 17, na kuanzia Julai 2001 zikaruhusiwa kwa masharti ambayo yako kwenye kifungu cha 320.5 cha sheria ya makosa ya jinai. Ndio, makosa ya jinai, ndo maana nasema msicheze nayo.

Sasa tuangalie hiyo yenu. Kwanza anayeruhusiwa kuchezesha ni shirika lisilo la faida, lenye msamaha wa kodi wa jimbo, na liwe limeandikishwa kufanya shughuli California angalau mwaka mmoja kabla, halafu lijisajili kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo kabla ya kuuza tiketi hata moja. Chama cha grupu la WhatsApp chenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina anayetunza daftari, hata kiwe na uaminifu kiasi gani, hakimo humo. Pili tiketi haziuzwi kwa intaneti. Kutangaza mtandaoni ruksa, kuuza hapana, na tiketi yenyewe lazima iwe na kipande cha kuchana chenye namba ile ile iliyobaki kwa mnunuzi, sasa meseji ya "umepokelewa, namba yako 14" sio tiketi. Tatu, asilimia 90 ya mauzo yote, sio ya faida, mauzo yote, lazima iende kwenye kazi ya hisani. Mkiuza za dola 4,000 basi 3,600 hazigusiki, zinabaki 400 za kuchapisha tiketi na kila kitu kingine. Ndo maana ule mchezo wa nusu kwa mshindi nusu kwa chama, ambao nauona kwenye kila sherehe za watu wetu, kwa chama cha kawaida haukubaliki. Wanaoruhusiwa kugawana nusu kwa nusu ni taasisi za hisani za timu kubwa za michezo, na wao wana kifungu chao peke yao.

Lakini la nne ndo linanigusa zaidi kwa sababu watu wetu wengi hawalijui. Hela ya bahati nasibu hairuhusiwi kutumika kwa jambo lolote nje ya California. Lolote. Hata mngekuwa shirika lenye karatasi zote, kusafirisha mwili mpaka Tanga, kujenga darasa Kigoma, kuchimba kisima Kitui, hiyo hela haiendi huko. Na pia haitakiwi iwe kwa manufaa ya wanachama wenyewe, wakati vyama vyetu vya kuzikana vipo kwa ajili hiyo hasa.

Basi mfanyeje? Changeni. Mchango wa kawaida ambao mtu anatoa bila kutegemea kushinda kitu sio bahati nasibu, na kwenye msiba ndo desturi yetu toka zamani, hatuhitaji tivii kutusukuma. Hiyo tivii inadini, anayetaja bei kubwa anaichukua, hapo hakuna bahati wala kura kwa hiyo kifungu hiki hakiwahusu, na hela yote inaingia msibani. Andikeni kila senti na orodha muisome mbele ya watu.

Na mkitaka huko mbele muwe na bahati nasibu ya halali kwa kazi za hapo hapo California, kamsaidieni katibu mwandikishe shirika sasa hivi maana ule mwaka mmoja unahesabiwa, na mkishachezesha kuna ripoti ya kupeleka kwa Mwanasheria Mkuu.

Anti, nina mgahawa mdogo San Diego, pilau na mishkaki. Siku hizi wanakuja madereva na simu mkononi wanadai oda, na mimi sijajiunga na apu yoyote! Nimeingia kuangalia nikakuta menyu yangu ya zamani na biriani ambayo hata sipiki. Juzi mteja kanipigia ananigombeza chakula kimefika cha baridi. – Mama Pilau

Mama, hilo ni kosa lao sio lako. Toka tarehe 1 Januari 2021 California ina sheria, ilipita bungeni kwa jina la AB 2149, inayosema apu ya kupeleka chakula haiwezi kupokea wala kupeleka oda za mgahawa bila mkataba na mgahawa wenyewe unaoruhusu hivyo waziwazi. Kukaa kwako kimya sio mkataba, na kumpa dereva chakula kwa sababu kasimama mlangoni pia sio mkataba.

Piga picha za skrini zinazoonyesha menyu na bei, tarehe ionekane, tunza na risiti za hao madereva. Halafu waandikie, sio simu, waandikie, watoe jina lako na uitaje hiyo sheria. Wakikaidi peleka malalamiko ofisi ya Mwanasheria Mkuu au kwa wakili. Dereva usimfokee, yeye kapewa anwani tu na maisha yake yenyewe magumu, kwa Proposition 22, sheria ya madereva wa apu iliyopigiwa kura 2020, kima cha malipo anachohakikishiwa kinahesabu muda toka anapokubali oda mpaka anapoifikisha, ule wa kukaa kwenye gari anasubiri simu ilie hauhesabiwi.

Na ukija kuamua kujiunga mwenyewe, jua kwamba toka 2022 apu hairuhusiwi kumtoza mteja bei ya chakula zaidi ya uliyoweka wewe, inatakiwa imwonyeshe mchanganuo wa hela yake, na bakshishi yote ni ya aliyepeleka chakula. Mteja akija kuchukua mwenyewe, bakshishi ni ya mgahawa wako, ifuatilie.

Anti, nilienda San Francisco nikaona watu wanatembea Front Street na bia mkononi na polisi wanapita tu. Ina maana sasa inaruhusiwa California yote? – Kijana wa Fresno

Hapana. San Francisco ilitangulia 2024 kwa sheria yake maalum, halafu toka Januari 2025 sheria ya SB 969 ya seneta Scott Wiener ikaipa miji mingine nayo uwezo wa kutenga maeneo ya burudani, ambamo watu wanaruhusiwa kunywa pombe barabarani. Uwezo tu, sio amri. Mji wako usipopitisha sheria ndogo yake, hakuna kilichobadilika. Na hata ukiwa ndani ya eneo, kinywaji kiwe kimenunuliwa kwa mwenye leseni wa humo humo, kisiwe kwenye chupa wala kopo, kiwe ndani ya saa zilizotangazwa, na uwe na miaka 21. Bia uliyokuja nayo toka nyumbani haimo, na ukivuka mpaka wa eneo na kinywaji chako mkononi umerudi kwenye sheria ya kawaida ya mji.

Kwenye gari ndo usijaribu kabisa, chupa iliyofunguliwa inakaa kwenye buti.