Sinagogi jipya: mambo ya ndani kwanza, sura ya nje baadaye

Mkuu uliyeuliza kamati yenu ianzie wapi ili sinagogi liwe la kisasa bila kupoteza mila: niliwahi kushiriki kuchora moja, na kilichotula muda hakikuwa paa wala kuta. Ni jukwaa la kusomea Torati.

Kwa Wayahudi wa Orthodoksi, wale wanaoshika mila za kale kwa ukamilifu, jukwaa hukaa katikati ya ukumbi, tena limeinuliwa. Wazee walitaka lipande sentimita 50. Sawa, lakini mwenye kiti cha magurudumu akiitwa kusoma, atapandaje? Kwa mteremko wa 1 kwa 12, unahitaji njia ya mita 6, na kila mita inakula viti. Tukashusha jukwaa hadi sentimita 30, njia ikabaki mita 3.6, tukaipitisha ubavuni ionekane imezaliwa na jukwaa. Rabi hakuwa na neno. Alichotaka ni msomaji ainuke juu kuliko usawa wa sakafu.

Sauti nayo. Kama Sabato hamtumii umeme, kipaza sauti hakipo siku ambayo watu wanakihitaji. Msikubali kuletewa kioo na zege tupu pande zote, mwangwi utameza maneno. Dari ngumu juu ya msomaji irudishe sauti kwa watu, ukuta wa nyuma uifyonze.

Sanduku la Torati, yaani kabati la kutunzia magombo yake, linakaa upande wa Yerusalemu, kiwanja kipende kisipende. Sinagogi la Touro kule Newport, Marekani (1763), limekaa mshazari na barabara kwa sababu hiyo. Sinagogi jipya la Dresden, Ujerumani (2001), kila safu ya mawe imesogezwa kidogo kutoka ile ya chini, hadi jengo likajipinda kuelekea mashariki. Usasa wa namna hiyo naukubali, umetoka kwenye sharti lenyewe. Kubandika nyota ya Daudi kwenye jengo lolote la ofisi ni uvivu tu.

Rosh Hashana (mwaka mpya wa Kiyahudi) na Yom Kipuri (siku ya toba) watu hufurika, kwa hiyo wekeni ukuta wa kukunja kati ya ukumbi wa sala na wa sherehe. Ulinzi uchorwe tangu mwanzo, ila hofu isiwafanye mzibe madirisha: Talmudi, kitabu cha kale cha mafundisho ya marabi, inahimiza kusali penye madirisha, kwa mfano wa Danieli. Yapandisheni juu, mwanga utaingia.

Sehemu ya wanawake, ambao kwa Waorthodoksi hukaa kando na wanaume, sijaigusa kwa kuwa hukutaja mkondo wenu. Kama ni Wareformu, mkondo uliolegeza mila za kale, hata jukwaa huenda likahamia mbele. Tujuze.