Mota ndogo: hesabu ikikataa kulingana na mwendo

Ndugu uliyeuliza jana: umetoa mota kwenye gari bovu la mtoto, ukapima omu zake (kipimo cha ukinzani, yaani jinsi waya zake zinavyozuia umeme), ukapiga hesabu ya mwendo, na jibu haliingiani na unachokiona. Yalinikuta hayo hayo hapa Langoni, Lamu, nikimtengenezea mpwa wangu kijidau cha betri.

Shida ilikuwa ukinzani. Niliweka mita kwenye miguu ya mota: omu 3. Nikasukuma ekseli kwa kidole: 7. Tena: 2 na kitu. Brashi (kile kipande kinachogusa ekseli na kupeleka umeme kwenye koili) ikihama kidogo, au ikikuta uchafu, mita husema jingine, na kwa chumvi yetu hii ya hewa ya bahari usitegemee brashi safi. Nikaachana na omu za mita. Niliibana ekseli kwa koleo isizunguke, nikapitisha ampea 0.5 kutoka betri mbili kupitia rezista ya omu kama 4, kwa muda mfupi tu (ukizembea utanusa waya), nikasoma volti pale pale kwenye miguu ya mota, si kwenye betri. Volti 1. Gawanya: omu 2. Rudia pembe tano sita, uchukue wastani.

Halafu iache izunguke bila mzigo. Yangu kwa volti 3 ilikula ampea 0.15. Ukinzani humeza 0.15 × 2, yaani volti 0.3. Zile 2.7 zilizobaki ndizo mota inazozalisha yenyewe kinyume ikizunguka, nazo hupanda sawia na mwendo. Mota yangu ilikuwa na koili 3, ambazo huyumbisha mkondo mara 6 kila mzunguko. Nikaupeleka mtikisiko huo, kupitia kapasita (hupitisha mtikisiko tu, huzuia volti tulivu ya betri), kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta kuukuu. Programu ikasoma 900 kwa sekunde, gawa kwa 6, basi mizunguko ni 150 kwa sekunde. Kila mzunguko mmoja kwa sekunde una volti 0.018.

Sasa propela ndani ya beseni. Mkondo ukapanda hadi ampea 0.6, volti bado 3 miguuni. Ukinzani humeza 0.6 × 2: toa 1.2, inabaki 1.8, gawa kwa 0.018: mizunguko 100 kwa sekunde.

Sikuiamini. Nikavisha ekseli, juu ya maji, kijisahani cha kadibodi nyeupe chenye mstari mmoja mweusi, nikakitazama chini ya taa ya tyubu ya zamani yenye choki (kile kikoili kizito cha kudhibiti umeme wa taa). Umeme wetu ni hertz 50, yaani hugeuka huku na huko mara 50 kwa sekunde, na taa humeta mara mbili kila mgeuko, kwa hiyo humeta mara 100 kwa sekunde. Mstari ukasimama, wallahi, ila ukirudi nyuma polepole, duara moja kila sekunde mbili hivi. Yaani nusu mzunguko pungufu ya 100 kwa sekunde: 99.5. Lakini chunga, mstari husimama vilevile kwenye 200, na kwenye 50 utaona miwili. Bulbu za LED nyingine hazimeti kabisa.

Tuletee omu zako za koleo na ampea bila mzigo, tuzitazame. Kijidau kilizama gatini siku ya pili. Nilisahau kuziba tundu la ekseli.