Jibu: Binti wa miaka 15 na mdogo wake wa 12 hawaishi kugombana

Dada, umeuliza kama uwaache wamalizane wenyewe. Kama ni kelele na maneno ya kuudhiana, waache kwanza. Ila ukiona ni mmoja tu anayepigwa siku zote, au anaogopa kubaki nyumbani na mwenzake, huo si ugomvi tena, ni uonevu. Ingilia papo hapo, wala usiwasuluhishe kana kwamba wamekosa sawa.

Kinachokuponza ni lile swali la "nani kaanza?" Ukishauliza hivyo umekuwa hakimu, na kila mmoja atahangaika kutafuta ushahidi. Ugomvi ukizidi, watenganishe dakika 20 hadi 30 mpaka hasira zishuke. Kisha waketishe: mmoja aseme kwa dakika 2 bila kukatizwa, mwenzake arudie alichosikia ndipo ajibu. Wengi hukwama kwenye kurudia, maana mtoto hubana pua na kuigiza sauti ya mwenzake. Mwambie aanze upya, usimfokee. Makubaliano wayaandike wao, wayajaribu wiki moja.

Halafu huyo wa 15 anahitaji faragha kwelikweli, si maringo. Kama wanalala chumba kimoja, mpe hata droo yenye kufuli na saa nzima ya kuwa peke yake, mdogo abishe hodi. Na tafadhali, "mbona mwenzako anaweza" iache kabisa. Usimpe dada mtu kazi ya kumwamrisha mdogo wake kila siku; atakaidiwa, na lawama zitamrudia yeye.