Vijana wa meza ya tiketi, kilomita hazitoshi

Wadogo zangu mlioanza kazi juzi, nawasikia mkiwajibu abiria wanaouliza kwenye simu safari ni ya muda gani: mnachukua umbali, mnagawa kwa kasi ya ndege, mnatoa saa. Tafadhali acheni.

1. Nairobi hadi Mombasa kwa anga ni kama kilomita 420. Kwa kasi ya kilomita 800 kwa saa, hesabu yenu inatoa nusu saa, na tiketi inaandika kama saa nzima. Tiketi ndiyo ya kuamini. Muda wake unaanza ndege inapoondoka ilipoegeshwa hadi inaposimama kule iendako, na JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, ina njia moja tu ya kurukia, kwa hiyo foleni ipo.

2. Upepo nao una sauti. Ndege ya moja kwa moja ya Nairobi hadi New York, iliyoanza Oktoba 2018, huenda kwa saa kama 15 na kurudi kwa 14, ilhali umbali ni uleule, karibu kilomita 11,800. Huko juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, basi anayerudi nyumbani anasukumwa.

3. Hili linaniuma, nisikilizeni vizuri. Kijana mmoja alipata kazi Ghuba. Tiketi yake: tarehe 15, 00:40. Mwenzenu wa kaunta akamwambia mama yake, "Ni tarehe 15 usiku, mama." Tarehe 15 saa tatu usiku ukoo mzima ulishuka uwanjani kwa matatu ya kukodi, shangazi wakiimba, mama ameshika bahasha ya vyeti kifuani. Ndege ilikuwa imeondoka usiku uliotangulia. Yule mama hakupiga kelele. Aliniletea karatasi kesho yake, akaweka kidole kwenye ile 15, akaniuliza, "Si ndiyo hii?" Ndiyo ilikuwa hiyo. Pesa ya tiketi ilitokana na ng'ombe aliyeuzwa, na mwajiri hakungoja.

Kwa hiyo ndege yoyote ya baada ya saa sita usiku, chukua kalamu, andika juu ya karatasi yenyewe: "Fika JKIA tarehe 14, saa tatu na nusu usiku." Halafu mwambie abiria akusomee. Asiposoma sawa, haondoki kwenye kiti. Foleni ikilalamika, ilalamike.

4. Anayetoka mbugani Maasai Mara kwa kawaida anatua Wilson, ule uwanja mdogo wa ndege wa Nairobi, si JKIA. Msimuunganishie ndege ya ng'ambo kwa saa mbili, hasa Ijumaa jioni. Mnaijua foleni ya magari ya Lang'ata Road.

5. London: Kenya haibadilishi saa, Uingereza hubadilisha Machi na Oktoba. Tofauti huwa saa 3 wakati wao wa baridi, 2 wakati wa joto. Mtu akiuliza atasafiri kwa muda gani, msitoe saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika kabla ya kutazama tarehe. Nikisikia mtu amejibu kwa kichwa, nitakuja mezani kwake.