Kabla hujachomeka mkoko: majibu kwa vijana wanaojitolea

Vikundi vya vijana wa pwani vimetuandikia kuhusu upandaji wa mikoko, kazi inayogusa Lengo la 13 (tabianchi) na la 14 (uhai wa bahari) kati ya Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015.

Tulipanda miche 800 kwenye tope tupu lililo mbele ya msitu. Baada ya miezi mitatu imebaki kama hamsini. Tulikosea wapi?

Inaelekea mlikosea mahali. Tope lililo chini mno hufunikwa na maji saa nyingi, mche ukakosa hewa, mawimbi yakautikisa kabla haujashika mizizi. Mwani na mifuko ya plastiki huuzonga hadi ukalala. Kabla ya kupanda tena, waulizeni wazee na wavuvi: je, hapo paliwahi kuwa na mikoko? Kama haikuwahi kuota, ipo sababu, na miche yenu haitaishinda. Kama ilikatwa kwa nguzo au kuni, pandeni. Kama barabara au tuta la chumvi limeziba njia ya maji, zibueni kwanza mkondo. Mara nyingi maji yakirudi huleta mbegu yenyewe. Na tafadhali, msipande juu ya nyasi bahari. Hapo ni mahali pa malezi ya samaki, hapahitaji kugeuzwa msitu.

Tazameni pia majirani, kwa kuwa mikoko ni ya aina kadhaa, na mmojawapo ndio uitwao mkoko hasa. Mlilana hukaa upande wa bahari, mkoko nyuma yake kwenye tope laini, mkandaa juu zaidi. Mchu utauona pande zote mbili, baharini na nchi kavu. Pandeni kila mti usawa ule ule unapoota wenyewe.

Mbegu za mkoko tuzichagueje, na zinahitajika ngapi?

Mbegu ya mkoko huchipua ingali mtini, ndiyo ile ndefu kama fimbo. Iliyokomaa huonyesha pete ya manjano chini ya kofia yake, na ukiigusa huachia kwa urahisi. Yenye tundu itupeni, mdudu ameshaingia. Wekeni kivulini ndani ya gunia bichi na mpande ndani ya siku chache. Ncha iliyochongoka ndiyo inayokwenda chini, hadi karibu theluthi ya urefu. Msing'oe kofia kwa nguvu, mtajeruhi chipukizi.

Kwa nafasi ya mita moja kila upande, hekta moja hula mbegu 10,000. Kwa mita mbili, 2,500. Kikundi kipya kianze na robo hekta. Mchu una njia yake: mbegu hulowekwa hadi ganda litoke, kisha hukuzwa kitaluni kwenye viriba (vifuko vya udongo).

Twende siku gani?

Wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu), maji yakiwa yanatoka. Kupwa huchelewa karibu dakika 50 kila siku: leo saa 4 asubuhi, kesho karibu saa 4:50. Aliyetangaza saa ya kukutana bila kuangalia hilo atawapeleka watu kwenye maji ya kiuno.

Lazima tuombe ruhusa?

Ndiyo. Mikoko ni msitu wa serikali, Kenya na Tanzania. Anzeni na ofisi iliyo karibu ya KFS (idara ya misitu ya Kenya) au TFS (wakala wa misitu wa Tanzania), pamoja na kamati ya wavuvi ya kijiji.

Wafadhili wanataka idadi ya miche tuliyopanda. Inatosha?

Haitoshi, na inadanganya. Pimeni viwanja vichache vya mita 10 kwa 10, mvitie alama, mhesabu iliyo hai mwezi wa 3, wa 6 na wa 12. Iliyokufa iandikeni pamoja na sababu.

Tena kujitolea si kupanda tu. Mradi wa Mikoko Pamoja katika Ghuba ya Gazi, Kwale, unalinda hekta 117 za mikoko na umekuwa ukiuza hewa ya kaboni (hati za kaboni inayohifadhiwa na miti); mapato yamefika kwenye maji na shule za Gazi na Makongeni. Sehemu kubwa ya hekta hizo ni msitu uliokuwepo tayari. Vijana wanaopima unene wa miti na kufanya doria dhidi ya wakataji wanaokoa kaboni nyingi kuliko mche wa jana.